Mkojo wa mwisho wa zamu

Singe, Jumatatu 3 Juni 2024
Baridi kali. Tumepuliza rangi gari zima, Noah, huku banda limefungwa, maana vumbi likigusa rangi mbichi kazi imeharibika. Kufika saa kumi kichwa kizito, ulimi una ladha ya tina, kile kiyeyusho cha rangi. Dogo anayepiga msasa pale mlangoni yuko salama salimini. Nimenawa mikono kwa tina kama kawaida. Sabuni haitoi rangi.

Jumatano 5 Juni
Nimempigia mpwa wangu wa maabara, Arusha. Nikamuuliza, si waje tu wapime hewa ya banda?

"Mjomba, hewa itakwambia habari za banda, si zako. Wewe unahema kwa nguvu, na tina ya kunawia inapenya ngozini. Kipimo cha hewa hakiioni hiyo."

Ndiyo maana hupimwa damu au mkojo. Toluini, ambayo imo kwenye tina nyingi, ini huigeuza kuwa asidi hipuriki na figo huitoa. Haikawii mwilini, kwa hiyo mkojo huchukuliwa zamu inapoisha. Ukisubiri Jumatatu asubuhi baada ya mapumziko, unaweza kuonekana huna kitu. Madini ya risasi, yale ya mafundi betri, ni kinyume: kwenye damu yanadumu wiki kadhaa, kwenye mifupa miaka na miaka.

"Na siku hiyo soda usiguse." Nikacheka, kumbe hatanii. Sodiamu benzoeti inayotiwa kwenye soda nyingi zisiharibike, mwili huigeuza kuwa asidi ileile. Mnywa soda anaweza kuonekana kavuta tina kunishinda. Maabara yenye vifaa hutafuta ortho-kresoli, ambayo soda haiileti.

Ijumaa 7 Juni
Nimewakumbuka watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa pale. Mwanawe alipougua, damu ikapimwa, ikakutwa na risasi. Malalamiko ya moshi yalikuwa rahisi kupuuzwa, damu haikupuuzika. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Jumatatu 10 Juni
Nimemfuata bosi na sheria yetu ya Tanzania, Na. 5 ya 2003, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayotaka tulio kwenye hatari tupimwe afya. Akaniangalia. "Sasa ukikutwa nayo nikufanyeje? Nikuachishe kazi?"

Hapo ndipo mafundi wengi tunaponywea. Nimemwambia majibu nipewe mimi mkononi, na yakiwa mabaya kitengenezwe banda, asifukuzwe fundi: feni ya kutoa hewa nje, na barakoa zenye kichujio cha mkaa, kwani hizi za kitambaa mvuke unapita tu. Mikono nitanawa kwa mafuta ya kula kabla rangi haijakauka, kisha sabuni.

Feni amekubali. Kipimo, anasema tutaongea mwezi ujao. Nimemwandikia barua, nikaweka nafasi ya yeye kujaza tarehe na kusaini.