Kisanduku Hakikuona, Nami Nikasema Hakuna

Nilikosea mbele ya watu, kwenye baraza la chifu huku Kocholia, basi nami naungama mbele ya watu. Nilisema matrela yanayopanga foleni kuelekea mpaka wa Malaba hayana neno, na kwamba wanaotuchafulia hewa ni akina mama wanaochoma mahindi kando ya barabara. Nikaongeza kwamba nimepima.

Kupima nilipima. Nilitundika kisanduku cha kupima vumbi jembamba ukutani mwa duka moja. Alfajiri, kuni zikiwashwa, namba zilipanda. Saa nane mchana, foleni imejaa na injini zinanguruma, zilishuka. Mimi mwalimu wa sayansi nikaona kesi imekwisha.

Mama mmoja akasimama: "Mwalimu, hicho kisanduku chako kinanusa jikoni kwangu tu?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikaendelea na karatasi zangu. Kumbe ndilo swali pekee la kisayansi lililoulizwa siku ile.

Kisanduku kama changu humulika hewa kwa leza na kusoma mwanga unaotawanywa na chembe. Chembe iliyo chini ya mikroni 0.3 hivi hakiioni, na nyingi zinazotoka kwenye injini ya dizeli ni ndogo kuliko hapo. Nyingine hata hazitoki kwenye bomba, huzaliwa hewani: gesi ya salfa iliyomo katika moshi hugeuka asidi kwa nguvu ya jua, asidi ikashikana na maji na amonia, kikapatikana kichembe cha nanomita 1 au 2. Tangu Mskoti John Aitken alipounda kihesabio chake miaka ya 1880, vidogo hivyo huhesabiwa kwa kuvikwa mvuke hadi vinenepe na kuonekana. Mashine nyingi za leo hutumia mvuke wa butanoli. Changu hakina kitu hicho, tena hukadiria uzito, na chembe moja ya mikroni 1 ina uzito wa chembe milioni 1 za nanomita 10. Mchana ule ule niliouita safi ndio wakati jua linapoweza kuzizalisha kwa wingi.

Na alfajiri? Kulikuwa na ukungu. Chembe hunywa unyevu zikavimba, nami nikayahesabu maji kuwa uchafu wa akina mama. Sisemi moshi wa kuni hauna madhara. Unamuumiza kwanza anayepika. Ila sikuwa na haki ya kuutwisha mzigo wote.

Maneno yangu yalizaa amri: meko yasogezwe nyuma, mbali na madereva ambao ndio wateja. Foleni haikuguswa.

Nimemwomba chifu nafasi kwenye baraza lijalo. Nitaeleza kwamba kiasi cha uchafu wa matrela sikijui kwa sababu sikukipima, kisha nitaomba amri ile ifutwe. Yule mama akitaka kuuliza tena, nitaweka karatasi chini.