Nilifuata kusi mpaka Cherrapunji, kidogo nishindwe kurudi

Msomaji wangu, kaka yangu mkubwa ni mtu wa bahari. Alianza kupanda majahazi pale Pangani kabla hajaota ndevu, na mpaka leo akiamka asubuhi kitu cha kwanza si chai, ni kutoka nje kunusa upepo. Basi mwaka 2023 moyo ukamgomea. Madaktari wakasema apelekwe India, na mwezi Juni tukajikuta watu watatu ndani ya Kolkata: yeye mgonjwa, shemeji muuguzaji, na mimi mfuko. Maana michango yote ya ukoo ilikuwa kiunoni kwangu!

Upasuaji wa kwanza ulikwenda salama, siku ya Jumanne. Wa pili ukapangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na malipo yake yawe yamefika Alhamisi. Kaka akanitazama ninavyozunguka mle wodini kama kuku aliyefungiwa, akaniita.

"Mdogo wangu, hivi kusi likitoka kwetu huwa linakwenda wapi? Miaka yote nimelitegea tanga, sijawahi kuona linakofia. Nenda kaniangalizie."

Nikadhani anaweweseka kwa dawa. Kumbe swali lina jibu, na jibu lina jina: Cherrapunji. Wenyewe wanapaita Sohra, ni katika jimbo la Meghalaya, kaskazini-mashariki ya India. Alhamisi usiku huyo nikadandia treni mpaka Guwahati. Hapo ikafuata gari ya kuchangia, watu tumebanana kama dagaa, kupanda milima mpaka Shillong. Jumamosi, kilomita hamsini na kitu nyingine, nikafika. Na mkoba wa fedha bado kiunoni. Usinilaumu, nitajilaumu mwenyewe hapo mbele.

Mvua ya Sohra, bwana, hainyeshi. Inamwagwa. Sisi watu wa Dar tunapata kama milimita 1,100 kwa mwaka mzima na bado Jangwani tunavuka kwa kubebwa mgongoni. Sohra wanapata zaidi ya milimita 11,000. Kati ya Agosti 1860 na Julai 1861 zilipimwa milimita 26,461, rekodi ya dunia ambayo haijavunjwa. Na kijiji jirani cha Mawsynram, tarehe 17 Juni 2022, kilipokea milimita 1,003 kwa siku moja! Yaani mvua yetu ya Januari mpaka Desemba, karibu yote, kati ya asubuhi moja na nyingine. Huko Mawsynram watu hutandaza nyasi juu ya mabati ili wapate kusikilizana ndani ya nyumba.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kikhasi, umri wa miaka sitini hivi. Wanawake wa heshima kule unawaita Kong, kama sisi tunavyosema Dada. Kong ana duka dogo la kwai, na kwai, amini usiamini, ni tambuu! Popoo, jani la mtambuu na chokaa, vilevile kama kwa bibi zetu wa Unguja na Tanga. Nilipoitia mdomoni bila kufundishwa, nikaizungusha shavuni kama mwenyeji, Kong akacheka mpaka akashika mbavu. Kuanzia hapo nikawa mtu wa nyumbani. Chakula nacho: wana wali wao mtamu uitwao jadoh, ila unapikwa na kitimoto, nikaomba samaki.

Jambo jingine wasomaji wa kiume mkae chini kwanza. Kwa Wakhasi watoto ni wa ukoo wa mama, na nyumba anarithi binti wa mwisho. Mume ndiye anayehamia kwa mama mkwe! Pale kwa Kong nilimkuta mkwe wake, mwalimu wa jiografia, anakaa kwa adabu zake kama bi harusi. Na huyu Mwalimu ndiye aliyenijibia swali la kaka.

Jioni ya kwanza alinitoa barazani, mvua imepumzika kidogo, akanionyesha kusini. Chini yetu ardhi inakatika ghafla, halafu ni tambarare ya Bangladesh mpaka upeo wa macho, imefurika maji, inang'aa kama sinia. "Upepo wenu unakuja kule," akasema. Unaanzia kusini kabisa ya Bahari ya Hindi, unapita kaskazini ya Madagaska, unagonga nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hauwezi kuzipanda, kwa hiyo unaegemea pembeni yake kama mlevi na ukuta, unakaza mwendo kuelekea kaskazini. Ng'ambo ya ikweta, kwenye pwani ya Kenya na Somalia, kimo cha kama mita 1,500, ni mto wa hewa unaoweza kupita kilomita 90 kwa saa. Mtaalamu wa hali ya hewa, Findlater, aliuchora katika miaka ya 1960, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. (Manahodha wetu waliujua karne nyingi kabla yake, ila hawakuandika makala.) Pale Somalia unapinda kulia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, unavuka Bahari ya Arabia, unaingia India, unaongeza maji mengine katika Ghuba ya Bengal, ndipo unakutana na ukuta huu tuliosimama. Kutoka karibu usawa wa bahari unalazimishwa kupanda mita 1,300 kwa mpigo. Ukipanda unapoa, ukipoa unatema. Tena unatema zaidi usiku, wakati wewe mgeni umelala unaota nyumba yako imekuwa jahazi. Shillong, nyuma tu ya mgongo wa mlima, hawapati hata robo ya hii.

Nikamuuliza: na huo mlima nani aliuweka?

Mwalimu akachukua sahani ya kwai, akaisukuma juu ya kitambaa cha meza. Kitambaa kikajikunja mbele ya sahani. Sahani ni India. Zamani sana ilikuwa jirani yetu, imebanana na Madagaska na Afrika. Kama miaka milioni 90 iliyopita ikabanduka Madagaska, ikakimbia kaskazini sentimita 15 na zaidi kwa mwaka, ambazo kwa jiwe ni mbio za mwizi. Kama miaka milioni 50 iliyopita ikaigonga Asia, na mikunjo ya kitambaa ndiyo Himalaya na uwanda wa Tibet. Mpaka leo bado inasukuma. Mlima wa Sohra wenyewe ni mdogo kiumri kuliko Himalaya, ni mkunjo wa pembeni uliojitokeza baadaye, na haujatulia: tarehe 12 Juni 1897 tetemeko liliangusha nyumba za mawe Shillong nzima.

"Kwa hiyo milima ilipoinuka, mvua ikaanza?" nikauliza, nikijiona mjanja.

"Hapo ndipo wataalamu wanapogombana," akasema, akaongeza chokaa.

Tangu Halley, yule wa nyota yenye mkia, aandike mwaka 1686, ilielezwa kwamba nchi kavu hupata joto kuliko bahari, hewa ya nchi kavu ikapaa, ya bahari ikaja kujaza nafasi. Ni kama upepo wa mchana pale ufukweni, ila mkubwa. Baadaye wakasema Tibet, kwa kuwa iko juu zaidi ya mita 4,000, ni jiko: jua linaichoma, nayo inavuta upepo wote huo. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Harvard, Boos na Kuang, wakaifuta Tibet katika kompyuta, wakabakiza Himalaya kama ukuta mwembamba tu. Mvua ya India ikabaki karibu ileile! Wakasema kazi kubwa ya mlima si kuwasha moto, ni kufunga mlango. Unazuia hewa kavu ya baridi ya kaskazini isiingie kuharibu mvuke wa kusini. Mama yeyote anayepika wali anaelewa: ukifunua funua sufuria, mvuke unakwisha.

Na lini sasa? Kwa muda mrefu ilisemwa miaka milioni 8 iliyopita, Tibet ilipodhaniwa kuinuka. Lakini mwaka 2014 watafiti wakapima makombe ya konokono na meno ya wanyama wa kale waliogeuka mawe kule Myanmar, wakakuta dalili za masika na kiangazi vya nguvu miaka milioni 40 iliyopita. Wakati huo dunia ilikuwa na joto, hewa ukaa hewani mara kadhaa ya leo. Mwaka 2016 wengine wakachimbua mashapo ya bahari ya Maldives, wakasema misimu hii ya Asia Kusini tunayoijua ilishika ghafla kama miaka milioni 12.9 iliyopita. Mimi si mtaalamu, ila nilivyomwelewa Mwalimu ni kwamba mlima peke yake hautoshi, unataka na hali ya hewa inayokubali. Na mvua nayo inamlipa mlima kwa kumla: matope ya Ganges na Brahmaputra yamejaza chini ya Ghuba ya Bengal fungu la urefu wa kama kilomita 3,000.

Jumapili akanipeleka pango la Mawmluh, karibu tu. Mle ndani matone yanadondoka, na kila tone linaacha chokaa kidogo, mpaka sakafuni inaota nguzo ya jiwe, tabaka juu ya tabaka, kama daftari la mvua. Enzi za barafu mvua ilikuwa dhaifu. Kama miaka elfu tisa iliyopita ikawa kali kuliko leo, kwa kuwa dunia ilikuwa ikilikaribia jua zaidi wakati wa kiangazi cha kaskazini, na wakati huohuo Sahara ilikuwa na maziwa na viboko. Halafu, miaka 4,200 iliyopita, nguzo moja ya humu inaonyesha mvua imedhoofika. Mwaka 2018 wanajiolojia wakaipa zama tunayoishi jina la Meghalaya kwa ajili ya jiwe hilo. Wapo wanaobisha kama ukame ule ulipiga dunia nzima kwa pamoja, lakini jina limeshapita.

Nikatoka pangoni nimefurahi, nimeloa, natafuta maneno ya kumwambia kaka. Jumanne nirudi. Jumatatu usiku mlima ukakohoa.

Niliusikia kabla sijaamka vizuri, mngurumo mzito chini ya ule wa mabati. Kong alikuwa ameshasimama nyuma ya nyumba na tochi, amejifunika knup, ule mwavuli wa mianzi na majani unaovaliwa mgongoni kama gamba la kobe. Ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa tangu mvua za 2022. Sasa ufa ukaingia mkono wangu mzima. Binti yake, mrithi, analia, anataka wahamie Shillong asubuhi hiyohiyo. Kong akasema nyumba ni ya mama yake na mama wa mama yake, na huyo binti ndiye ufunguo wake, sasa ufunguo ukiondoka mlango ubaki wa nani? Mwalimu kimya. Mkwe hana kauli. Na cha kushangaza, Kong akanionyesha mapipa yaliyopangwa ukutani: Januari hapo hapo Sohra bomba hukauka, wanawake wanafuata maji chemchemi ya mbali kwa miguu. Misitu imekatwa, udongo mwembamba, maji yote hukimbilia Bangladesh. Na hewa inavyozidi joto, kila nyuzi moja inabeba mvuke asilimia 7 zaidi. Yaani mwagiko utazidi, na mapipa yatabaki yaleyale.

Asubuhi taarifa: barabara ya Shillong imezikwa. Jumanne ikapita. Simu haishiki. Nikashika mkoba kiunoni, jasho likanitoka katika baridi ile. Roho ya kaka yangu iko Kolkata, na bei yake iko hapa, mlimani, imefungwa na mshipi wangu. Ningemwachia shemeji zile fedha, kungekuwa na shida gani?

Jumatano sikungoja. Mama mmoja mchukuzi akatia begi langu katika tenga, akalibeba kwa utepe wa kipajini, akatangulia. Tukavuka tope lile la magoti, yeye anatembea kama yuko sokoni, mimi natambaa na kusoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Ng'ambo kulikuwa na gari. Usiku nikafika Guwahati, treni imejaa, nikakata ndege ya Alhamisi asubuhi kwa bei ambayo mpaka leo sijamwambia mke wangu. Saa tisa mchana nikalipa. Karani akanihesabia polepole mno.

Kaka alipozinduka, Jumamosi, akaniuliza kwa sauti ya mchanga: "Umeliona?" Nikamwambia nimeliona, linafia kwenye ukuta, tena halifi kimyakimya. Nikamtolea jiwe alilonipa Kong wakati wa kuagana, la chokaa, limejaa viduara kama sarafu. Sikusema limetoka wapi. Akalipapasa na kidole gumba, akalinusa, mtu ana mipira puani.

"Hili la baharini," akasema. "Umeliokota ufuko gani?"

Nikamwambia, mlimani, mita 1,300. Akanitazama kama muongo.

Kong ameniletea habari mara mbili kupitia simu ya Mwalimu. Binti yuko Shillong na watoto, mama yuko Sohra na mapipa, ukuta wa jikoni wameujenga upya, hatua tatu mbele ya ule wa zamani. Kaka yuko Pangani, mzima, kakatazwa bahari, anaitazama tu. Lile jiwe shemeji amelifanya la kukandamizia kawa, paka asifunue wali.