Waliobaki Pullman

Kule Nandi nilikokulia, jina la Pullman lilitufikia kabla ya jina la New York. Lilikuja na Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kilichoko Pullman, Rono alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Mwaka mmoja kabla yake, Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho alikuwa ameshaichukua ile ya mita 10,000. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusomea kilimo huko mwaka 2002, mjomba hakuuliza ni Marekani ya upande gani. "Unaenda kwa kina Rono," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilipofika nilikuta mji mdogo katikati ya vilima vya ngano, karibu kabisa na mpaka wa Idaho, na watu ambao mbio walizikumbuka kwa heshima lakini roho zao zilikuwa kwenye futiboli ya Kimarekani. Msomaji asiyewahi kuishi kule anaweza kudhani ni burudani ya wanafunzi. Sivyo. Pullman ina uwanja wa kukaa watu wapatao 33,000, na katika Jumamosi za Septemba hadi Novemba uwanja huo ulibeba watu wengi kuliko wakazi wote wa mji. Waliendesha magari kutoka Seattle, zaidi ya kilomita 450, wakafika Ijumaa, wakawasha majiko ya nyama kwenye maegesho, wakalala humo humo.

Vyuo hucheza katika makundi yanayoitwa konferensi. La kwetu wakati huo liliitwa Pac-10, na mpangilio wake mpaka leo naona ulikuwa wa busara kuliko wowote niliouona michezoni. Vyuo kumi, jozi tano za majirani. Washington ya Seattle na sisi wa Pullman. Oregon na Oregon State. Stanford na California ya Berkeley. USC na UCLA, wote wa Los Angeles. Arizona na Arizona State. Kila mmoja alikuwa na mtani wake wa karibu, mtu anayekutana naye kazini Jumatatu. Bingwa alikwenda Pasadena tarehe 1 Januari kucheza Rose Bowl, kwa kawaida dhidi ya bingwa wa Big Ten, konferensi ya vyuo vya eneo la Maziwa Makuu ya Amerika. Utaratibu huo ulianza na mechi ya 1947, na watoto waliukuta ukiwepo kama wanavyoukuta msimu wa mvua.

Mechi yetu na Seattle huitwa Apple Cup, kwa kuwa jimbo la Washington linasifika kwa matufaha. Timu hizo zilikutana mara ya kwanza mwaka 1900. Jina la Apple Cup lilianza 1962. Nilipoingia uwanjani Novemba 2002, timu yetu ilikuwa ya tatu katika orodha ya nchi nzima. Nilikaa karibu na bwana mmoja mkulima wa ngano kutoka upande wa Colfax, ambaye alinifundisha sheria za mchezo kwa kupanga karanga juu ya goti lake. Tulishindwa 29 kwa 26 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza, kwa uamuzi ambao wazee wa Pullman wanaubishia mpaka leo. Chupa zilirushwa uwanjani. Yule mzee hakurusha chochote. Aliokota koti lake, akaniambia, "Haya kijana, tutaonana nao mwakani."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi. Watu huniambia ushabiki hufa timu inaposhindwa sana, nami nawajibu kwa msimu wa 2008. Mwaka ule tulikuwa wabovu ajabu, na Seattle walikuwa wabovu kutuzidi. Walifika Pullman bila ushindi hata mmoja. Magazeti yalitucheka. Lakini siku hiyo ya Novemba, mpiga mikwaju wetu Nico Grasu alisawazisha mwishoni, kisha akatupa ushindi wa 16 kwa 13 katika kipindi cha pili cha nyongeza, na watu walimiminika uwanjani wakilia kama waliochukua ubingwa. Tulimaliza msimu kwa ushindi mara mbili na vipigo kumi na moja. Mkulima wangu alilipia tiketi za msimu uliofuata bila kusitasita.

Nyufa ziliingia kupitia fedha, na wakati huo zilionekana kama neema. Mlango ulikuwa umefunguliwa zamani, 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokivua chama cha michezo ya vyuo mamlaka ya kugawa matangazo ya televisheni. Tangu hapo konferensi ziliweza kujiuza zenyewe. Mwaka 2011 Colorado na Utah zilijiunga nasi, tukawa Pac-12, na viongozi wakasaini mkataba wa matangazo wa takriban dola bilioni 3 kwa miaka 12. Mwaka uliofuata wakaanzisha chaneli yao wenyewe. Chaneli hiyo haikuwahi kuingia kwenye DirecTV, kampuni kubwa ya dishi, na mashabiki wengi wa vijijini hawakuwa na njia nyingine ya kuiona timu yao. Nyumbani kwa yule mkulima, kilomita chache tu kutoka uwanjani, mechi ya Pullman haikuonekana.

Halafu zikaja saa za usiku. Televisheni ilitaka kitu cha kuonyesha baada ya mechi za mashariki kumalizika, kwa hiyo mechi zetu zilianza saa moja na nusu usiku, hata Novemba, baridi ikiuma mifupa. Saa ya kuanza ilitangazwa siku kumi na mbili kabla, wakati mwingine sita. Mwenye watoto na safari ya kilomita 450 atapangaje? Nilikuwa nimehamia Spokane wakati huo, mwendo wa saa moja na kitu, na hata mimi nilianza kuchagua mechi. Nadhani hapo ndipo ushabiki ulipoanza kuchujuka, miaka kumi kabla ya mtu yeyote kuhama.

Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa huzuni tupu. Mwaka 2018, chini ya kocha Mike Leach, timu ilishinda mechi 11, na tarehe 20 Oktoba kipindi cha ESPN kinachozunguka vyuoni kila Jumamosi kilipiga kambi Pullman kwa mara ya kwanza. Tangu 2003 mashabiki wetu walikuwa wakipeperusha bendera ya chuo nyuma ya watangazaji wa kipindi hicho popote kilipokwenda, wakiwaomba waje. Walipokuja, watu walijaa kabla ya mapambazuko. Mwanangu alikuwa begani kwangu. Oregon walipigwa 34 kwa 20 jioni ile.

Yaliyofuata nitayasema kwa haraka, kwa kuwa yalitokea kwa haraka. Juni 30, 2022, USC na UCLA walitangaza kuhamia Big Ten. Agosti mwaka huo Big Ten ikatangaza mikataba ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba na Fox, CBS na NBC. Sisi tulikuwa tunatafuta mnunuzi. Julai 2023 Colorado ikaondoka. Asubuhi ya Agosti 4, wakuu wa vyuo tisa vilivyobaki walitarajiwa kukubali ofa ya matangazo kutoka kampuni ya Apple, ambayo malipo yake yangetegemea idadi ya watazamaji watakaojiandikisha. Kabla jua halijatua Washington na Oregon walikuwa wa Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah walikuwa wa Big 12, konferensi nyingine. Septemba 1, Stanford na California wakapokelewa na vyuo vya pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa bara. Tukabaki wawili: sisi na Oregon State.

Kesi ya nani anaimiliki konferensi iliyokimbiwa ilisikilizwa Colfax, mji wa yule mkulima, mbele ya jaji wa kaunti ya Whitman. Waliohama walitaka bado kupiga kura juu ya mali za nyumba wanayoihama. Novemba 2023 jaji aliamua kwamba waliobaki ndio wenye usemi, na mahakama ya juu ya jimbo haikutaka kuligusa jambo hilo. Mzee alinipigia simu amefurahi. Ila alipomaliza kucheka akasema, "Tumeshinda kesi. Tutacheza na nani?"

Tulicheza na Seattle, kwanza kwa mkwaju wa mwisho uliotuumiza 24 kwa 21 Novemba ile ile. Baadaye Septemba 2024, katika uwanja wa timu ya kulipwa ya Seattle, tuliwashinda 24 kwa 19. Nilifurahi, siwezi kukana. Lakini Septemba haina uzito wa Novemba. Zamani mechi ile ilichezwa mwishoni mwa msimu, mara nyingi wikendi ya Sikukuu ya Shukrani, ndugu wakiwa wamekusanyika mezani, wengine na kofia nyekundu na wengine za zambarau. Sasa inachezwa mwanzoni, watu hawajajua hata wachezaji wao ni nani.

Na wachezaji wenyewe hawakai. Cameron Ward aliyetuchezea 2023 alihamia Miami, akawa chaguo la kwanza la timu za kulipwa mwaka 2025. John Mateer aliyemrithi akaenda Oklahoma. Kocha Jake Dickert akaenda Wake Forest. Siwalaumu vijana, viongozi wa vyuo walikuwa wameshawaonyesha jinsi ya kufuata fedha, na walikuwa watu wazima. Mwanangu, aliyewahi kukaa begani, siku hizi anamfuata mchezaji badala ya chuo. Nilipomwuliza kama tutakwenda Pullman Jumamosi alisema, "Baba, kuna nani kule?"

Pengo la fedha limefika hata kwenye riadha. Juni 2025 chuo kilitangaza kuondoa michezo ya kuruka na kurusha na kupunguza mbio fupi, kikabakiza nguvu zake kwenye mbio ndefu.

Yule mkulima hakulipia tiketi za msimu wa 2025. Si kwa hasira. Alisema tu magoti yanamsumbua, ingawa magoti hayo yamemsumbua tangu nimjue. Septemba hiyo Seattle walikuja Pullman wakatupiga 59 kwa 24, na safari hii hakuna aliyetaja mwakani. Mwaka 2026 konferensi yetu inaanza upya na Boise State, Fresno State, San Diego State na wengine. Ni timu nzuri, na Boise si mbali sana kwa gari. Nitakwenda kuwatazama. Ila utani haununuliwi, na hawa bado hawajatuumiza kiasi cha kutosha.

Makubaliano ya Apple Cup yaliyotangazwa Novemba 2023 yanafika msimu wa 2028. Mechi iliyoanza kuchezwa mwaka 1900 sasa inaishi kwa mkataba wa miaka mitano.