Kabati la Vitabu Likifungwa

Mama yangu alijifunza kusoma mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa msichana mwenye mtoto mmoja mgongoni. Mara ya pili alikuwa bibi mwenye wajukuu. Katikati hapo alisahau karibu yote. Nataka nikueleze kwa nini alisahau, kwa sababu jambo hilo linaweza kukupata hata wewe unayesoma gazeti hili leo.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu iko upande wa Nanganga, pale ambapo barabara ya kwenda Ruangwa na Nachingwea inaiacha barabara kuu ya Lindi na Masasi. Nyumbani kwetu ni wilaya ya Masasi. Mwishoni mwa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitaja wilaya sita ambazo watu wazima wake wote walitakiwa wajue kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Wilaya hizo zilikuwa Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Kisarawe na Masasi. Hivyo ndivyo kisomo kilivyoingia kijijini kwetu. Mimi nilikuwa bado kuzaliwa.

Darasa lilikuwa chini ya mwembe. Mama alikwenda alasiri, akitoka shamba, jembe bado begani. Mwaka 1975 nchi nzima ilipofanya mtihani wa kisomo, naye aliufanya. Alisoma sentensi zake, akaandika jina lake. Tangu siku hiyo aliacha kutia dole gumba.

Kisha darasa likaisha. Mwalimu wa kisomo alikuwa mkulima kama wengine, akarudi shambani kwake. Kitabu cha kujifunzia kikachakaa. Nyumbani kwetu hapakuwa na karatasi yenye maandishi, ila ile iliyofungiwa chumvi dukani. Jembe likikaa darini misimu mitatu utalikuta lina kutu. Kusoma nako ni hivyo hivyo.

Nilipokuwa darasa la pili ilikuja barua kutoka Nachingwea. Iliiletwa na utingo wa lori. Mama aliigeuza huku na huku, akanipa mimi. Mimi nilijua herufi za kitabu cha shule tu. Mwandiko wa mkono wa mtu mzima ulinishinda. Jirani aliyejua kusoma vizuri alikuwa amekwenda Lindi. Basi mama akaichomeka barua kwenye fito za ukuta, ikakaa siku nne.

Jirani aliporudi aliisoma. Ilitoka kwa mjomba. Alisema bibi ni mgonjwa sana, mama aje upesi. Tuliondoka usiku ule ule. Tulipofika, bibi alikuwa amezikwa jana yake.

Mama hakumlaumu mtu. Alisema neno moja tu: "Barua nilikuwa nayo mwenyewe."

Ndugu msomaji, viongozi wa kisomo walilijua tatizo hili. Walijua kwamba mtu akifundishwa kusoma, kisha asipate cha kusoma, atasahau. Ndiyo sababu miaka ya 1970 zilianzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini. Kule Mwanza, gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza mwaka 1974. Kabla ya hapo, sheria ya huduma za maktaba ilikwisha tungwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Lakini Dar es Salaam ni mbali. Maktaba ya kijiji ilikuwa sanduku au kabati. Sanduku lilipoliwa na mchwa, au vitabu vilipokwisha bila kuletwa vingine, maktaba ilikufa kimya kimya. Haikuzikwa wala haikuwekewa matanga.

Hesabu zinaonyesha. Mwaka 1975, katika kila watu wazima 100, watu 39 hawakujua kusoma. Mwaka 1986 walikuwa wamebaki 10 hivi. Hiyo ilikuwa kazi kubwa sana. Lakini sensa ya mwaka 2012 iliwakuta 22 hivi katika kila 100. Tulipanda mlima, tukateremka tena. Zipo sababu nyingi, na shule ni mojawapo. Mimi nasema juu ya sababu ile niliyoiona kwa macho yangu, yaani kabati lililofungwa. Na aliyelifunga ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita kijiji kimoja ninachokihudumia kilipata vitabu. Vilikuwa vitabu na vijitabu 64. Vingi vilikuwa vya kilimo cha korosho, ufuta, mbaazi na muhogo. Vilikuwamo pia vya ufugaji wa kuku, vya afya ya mama na mtoto, vya hadithi, na kimoja kilichoeleza kwa lugha nyepesi Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Fundi alitutengenezea kabati zuri lenye milango ya kioo. Likawekwa katika ofisi ya kijiji. Wazee wakasema ufunguo apewe Bwana Shamba, kwa kuwa yeye ni mtu wa Serikali na amesoma.

Nikaupokea ufunguo. Nikaufunga pamoja na ufunguo wa pikipiki yangu. Moyoni nilikuwa na hofu ya vitabu kupotea. Mtu akiniomba kitabu, nilimwambia akisomee pale pale mbele yangu. Nani atakaa ofisini asome mbele ya Bwana Shamba kama mtoto wa shule? Watu wakaacha kuja. Baada ya mwaka mmoja nilivihesabu vitabu, vyote 64 vilikuwapo. Katika taarifa yangu niliandika: "Vitabu vyote viko salama." Niliandika kwa fahari kabisa.

Msimu uliofuata mikorosho ilianza kuchanua. Wewe mkulima wa huku kwetu unaujua ubwiri unga. Maua yanafunikwa na unga mweupe kama majivu, kisha yanakauka na kuanguka, na korosho hupati. Dawa yake ya siku nyingi ni salfa ya unga. Kipimo chake ni robo kilo kwa mkorosho mmoja kwa kila mzunguko. Kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho 100 kwa mzunguko mmoja. Hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado juu ya majani, ili unga ushike. Jua likipanda unaacha.

Mkulima mmoja alikuwa amenunua salfa kwa mara ya kwanza. Fedha alikopa. Alikuja ofisini kuniuliza, akakuta nimekwenda Ruangwa kwenye semina ya siku tatu. Akachungulia dirishani. Kwenye kabati, nyuma ya kioo, aliona kijitabu chenye picha ya mkorosho na mtu aliyebeba mashine ya kupulizia. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, Ruangwa.

Akaenda kuuliza kijiweni. Huko akaambiwa apulize saa sita mchana, eti unga usilowane na umande. Akafanya hivyo. Upepo wa mchana ukaichukua salfa yote, ikavuka mpaka, ikaenda porini. Kidogo kilichobaki hakikushika. Ubwiri ukaingia shamba zima.

Niliporudi alinichukua akanionyesha. Maua yalikuwa meusi. Kisha akaniuliza kwa heshima, maana ni mtu mzima kuliko mimi: "Bwana Shamba, haya yalikuwamo katika kile kitabu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu. Yalikuwamo, na picha zake."

Hakusema zaidi. Ingalikuwa nafuu kama angalinigombeza. Usiku ule niliiona ile barua ya mjomba, imechomekwa ukutani.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama, nikaeleza kosa langu, nikaurudisha ufunguo. Tulizungumza sana siku hiyo. Mwisho kabati likahamishwa. Likapelekwa barazani kwa mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kituo cha mabasi. Yeye alimaliza darasa la saba, na watu hawamwogopi. Kila siku alasiri, akimaliza biashara, hufungua kabati. Ana daftari. Huandika jina la mtu, jina la kitabu na tarehe. Kitabu ni siku 14. Kila kaya inayotaka hutoa shilingi 500 kwa mwaka, na fedha hizo hununua daftari, gundi na vitabu vichache.

Je, vitabu vilipotea? Vilipotea, sikufichi. Viwili hatujui viko wapi hadi leo. Kimoja kilirudi bila jalada. Kingine kilirudi kimechanwa ukurasa, na harufu ya tumbaku ilitueleza ukurasa ulikokwenda. Kile cha kuku kilirudi kina mafuta ya taa. Nilikasirika, nikamwendea yule mama. Akanitazama huku anaosha sufuria yake nyeusi, akasema: "Bwana Shamba, sufuria isiyo na masizi ni ya nyumba isiyopika." Nikanyamaza.

Nilichokiona baada ya hapo ni hiki. Vijana walikuja wakitaka kujua habari za mradi wa karanga wa Nachingwea. Walikuwa wakisikia kwa babu zao tu kwamba Waingereza walikuja na matrekta miaka ya 1940 wakajenga na reli, halafu kila kitu kikaondoka. Hatukuwa na kitabu cha habari hiyo. Tukawaandikia wenzetu wa maktaba ya mkoa kule Mtwara tuone watatusaidiaje. Wazee walitaka vitabu vya hadithi, jambo ambalo sikulitazamia. Nilidhani wakulima watataka kilimo tu. Mjane mmoja aliazima kile cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Alikikalia wiki mbili, akakiazima tena. Kisha alikuja nacho kwenye kikao cha ukoo wa marehemu mumewe, akawasomea polepole, kwa kidole, mahali panaposema kwamba mwanamke ana haki ya kupata ardhi na kuitumia sawa na mwanamume. Shamba lile analilima mpaka leo.

Utasema, siku hizi kuna simu, kabati la nini? Simu ni nzuri, hata mimi natumia. Lakini simu nayo inataka mtu anayejua kusoma. Inataka chaji na inataka salio. Tena humo mna watu wanaotangaza dawa za mimea ambazo mimi sijapata kuziona kwenye duka lolote la pembejeo. Aliyezoea kusoma taratibu, mstari kwa mstari, si rahisi kumdanganya kwenye simu.

Sasa nirudi kwa mama. Baba alipofariki nilimchukua mama akaja kukaa nami. Nilimnunulia miwani. Jioni moja nikamletea kijitabu cha kuku kutoka kwa mama wa vitumbua, chenye herufi kubwa. Mjukuu wake wa darasa la tatu akakaa naye mkekani. Mwanzo alisema, "Hayo yameshanipita, mwanangu." Lakini herufi zilikuwa zimelala tu, hazikufa. Baada ya miezi michache alikuwa anasoma peke yake, midomo ikicheza.

Msimu mmoja alipeleka korosho zake ghalani. Unajua kwamba kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza huku kwetu mwaka 2007, karatasi unayopewa ndiyo mali yako. Mama aliitazama yake, akaisoma, akarudi dirishani. "Mwanangu," akamwambia karani, "mzani ulisema 86. Hapa umeniandikia 68." Karani akaangalia daftari lake, akaona kweli amegeuza tarakimu, akaomba radhi na kusahihisha. Kilo 18, ndugu msomaji. Piga hesabu mwenyewe kwa bei ya mwaka wowote.

Kama kijiji chenu kina sanduku la vitabu limefungwa mahali, uliza ufunguo uko kwa nani. Usione haya. Kama hakuna kitu, anzeni na rafu moja shuleni, na mwoneni Afisa Elimu ya Watu Wazima wa wilaya yenu. Miguu ya kabati itieni ndani ya makopo yenye oili chafu, na kabati lisiguse ukuta, mchwa hawatapanda. Wakati wa masika vitoeni vitabu juani kidogo, vikiota ukungu vinashikana kurasa. Gazeti hili nalo ukimaliza kulisoma usilifungie maandazi. Lipeleke huko.

Juzi mama wa vitumbua amenisimamisha kituoni. Anasema kijitabu cha kuku kimepita siku zake, sasa ni siku 9, na kuna mtu mwingine anakisubiri. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama. Amesema hajamaliza ukurasa wa kideri, na kuku wake wawili wamesinzia tangu asubuhi, kwa hiyo huyo mtu angoje.