Mstari Mmoja Katika Daftari la Kamati

Katika daftari la kumbukumbu za vikao vya kamati ya msikiti wetu hapa Bungu umo mstari mmoja ambao sisi tuliouandika tungependa usingekuwamo. Unasema: ombi limekataliwa, fani haina manufaa kwa umma.

Mwombaji alikuwa binti wa jirani yetu, aliyehitimu kidato cha sita na kuomba mchango wa mfuko wetu wa elimu akasomee usanifu wa ndani ya majengo. Mfuko huo ni mdogo. Hutokana na sadaka za Ijumaa na mavuno ya shamba la wakfu. Ulikwisha kumsaidia kijana wa famasia na binti wa uuguzi, wala hapakuwa na ubishi. Lakini hili lilituchekesha. Mzee mmoja aliuliza, "Kupanga makochi nako kunataka shahada?" Tukacheka sote, na kalamu ya katibu, ambayo ndiyo inayoandika maneno haya, ikaandika.

Baba yake hakubishana. Alisema, "Haya wazee wangu, nimesikia," akaondoka. Binti akakaa nyumbani mwaka mzima.

Ukweli ni kwamba hatukujua tulichokikataa. Msanifu wa ndani hupima chumba, hutazama jua linaingilia wapi na upepo unatokea wapi, huchora, hukadiria mbao, rangi na taa, kisha husimama na fundi mpaka kazi iishe. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, huifundisha fani hii kwa ngazi ya shahada. Na hoteli, ofisi, hospitali, shule na nyumba za watu zote zina haja na ujuzi huo.

Masika ya mwaka ule yalitufundisha. Sehemu ya wanawake msikitini kwetu ilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja dogo, sakafu ya saruji iliyotoa unyevu, na pazia zito lililozuia mwanga na sauti pamoja. Umeme ukikatika, kinamama hawakujua imamu amerukuu au amesujudu. Bibi zetu waliacha kuja kwa sababu ya magoti na baridi ya ukungu wa milimani. Haya tuliyajua, tulikuwa tukingoja fedha za kujenga chumba kipya.

Baada ya Swala ya Alasiri siku moja, binti yule alikuja na mama yake, mkononi ana karatasi tatu na futi ya fundi.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba, binti yetu."

"Naomba msijenge. Chumba kinatosha, ila kimepangwa vibaya."

Alitaka dirisha lipanuliwe upande wa mashariki, jua la asubuhi likaushe chumba. Pazia liondoke, pawekwe kiambaza cha mbao zilizopishanishwa: sauti ipite, sitara ibaki. Sakafu iinuliwe kwa mbao za mkaratusi kabla ya kutandika mazulia. Kuta zipakwe chokaa, na ndani yake vichimbwe vishubaka vya misahafu, ambayo hadi siku ile ilikuwa ikipata ukungu juu ya benchi. Gharama yote haikufika robo ya makadirio yetu. Seremala wa kijijini aliifanya kazi kwa wiki tatu, na binti hakuomba hata shilingi. Ijumaa iliyofuata tulisikia "Amin" ikitoka nyuma yetu kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miaka.

Sisi tuliosoma chuo cha Kiislamu ndio tuliostahili kulaumiwa zaidi, kwani tulikuwa na elimu ya jambo hili. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu (s.w.) anazitaja nyumba zetu kuwa ni mahali pa utulivu, katika jumla ya neema zake. Surat An-Nur, aya ya 58, inaweka nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hubisha hodi. Je, nyumba isiyopangwa itaihifadhije faragha hiyo? Na Bibi Aisha (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipochukizwa na pazia lake lenye picha, alilikata akalifanya mito. Nyumba haikuachwa bila mapambo, ilielekezwa.

Wazee wetu wa pwani walilielewa hili. Nyumba za mawe za Lamu zilipangwa chumba baada ya chumba, kutoka daka la mgeni mpaka ndani kwa wenyewe, na kuta zikapambwa kwa zidaka za lipu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Mikono iliyoyachonga haikuonekana kuwa imepoteza wakati.

Wapo wazazi watakaosema: binti yetu ataingia nyumba za watu. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni adabu za kazi: asikae faragha na mwanamume asiye maharimu wake, na afuatane na wenzake. Lakini tujiulize pia, chumba cha mama na mabinti, ni nani anayestahili kuingia kukipima kuliko mwanamke? Fani yenyewe ina mipaka yake, nayo ni israfu na kujifakharisha. Mwenye kumcha Mola ndiye tunayemtaka aishike.

Kamati ilikaa tena. Mfuko haukuweza kulipa ada yote. Tulitoa tulichokuwa nacho, na baba akauza ng'ombe mmoja. Binti aliteremka Korogwe kupanda basi la Dar es Salaam akiwa amechelewa mwaka mmoja kuliko wenzake. Mwaka huo tuliupoteza sisi, wala hatuna namna ya kumrudishia.

Mjumbe mmoja alipendekeza ule mstari ufutwe. Tulikataa. Tumeuacha, na chini yake tumeandika uamuzi mpya na tarehe yake, ili makatibu watakaokuja baada yetu wausome kabla ya kumcheka mtoto wa mtu.

Wabillahi tawfiq.