Mraba Uliogeuzwa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Hesabu si fani yangu. Hata hivyo, kila Jumamosi watoto wa majirani hapa Kisenyi hunijia na madaftari yao, na juma lililopita somo lilikuwa pembenne.

Tulianza na vitu vya karibu. Mlango, bati, jalada la daftari: mstatili. Ubao wa ludo: mraba. Mmoja alileta sambusa. Tukahesabu pande, zikawa tatu, naye akaila.

Kisha nikakata karatasi ya mraba, nikaisimamisha juu ya ncha yake. "Si mraba tena, mwalimu," wakasema wote. Nikampa rula binti wa miaka 7. Akapima: pande nne sawa. Akajaribu kona ya daftari katika kila kona, ikakaa sawasawa. "Ni uleule," akasema polepole.

Ugumu ulikuja niliposema kwamba mraba pia ni mstatili. Mvulana mmoja alikataa katakata: mstatili ni mrefu! Lakini fasili ya mstatili yadai pande nne na pembe nne za mraba, basi, urefu hautajwi. (Wanafunzi wangu, fasili ndiyo maana iliyowekewa mipaka.) Mraba hutimiza masharti hayo yote, kisha huongeza lake la pande sawa.

"Kumbe una majina mawili," akasema yule binti. "Kama mimi. Msomali na Mganda wa nchi hii."

Wenzake walicheka, nami nikamsahihisha upesi: raia wa Uganda ni Myuganda, Mganda ni wa kabila la Baganda. Kaka yake, ambaye ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hakucheka. Aliuliza fasili ya Myuganda ni ipi.

Ilinibidi niseme kweli. Katiba ya 1995, ibara ya 10, haitosheki na kuzaliwa hapa. Yadai mzazi, babu au bibi aliye raia kwa kuzaliwa, au aliyetoka katika jamii zilizokuwapo nchini tarehe 1 Februari 1926, ambazo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Kwa wengine ipo njia ya kusajiliwa.

"Wasomali tumo katika orodha?"

"Hapana."

"Haibadiliki?"

Nikamweleza kwamba mwaka 2005 iliongezwa kutoka jamii 56 hadi 65. Akaiandika tarakimu hiyo pembeni mwa daftari la dada yake, karibu na mraba uliosimama juu ya ncha.