Nyumba Yenye Upana wa Mita Mbili

Wewe unayekaa katika kambi ya wafanyakazi, pengine unanungunika kila siku kwamba nyumba yako ni ndogo. Njoo tutembee kidogo Uingereza, tukaone nyumba ndogo kuliko yako, tena inaelea juu ya maji.

Mwanzo wake ni mgodi. Huko Worsley, karibu na mji wa Manchester, kulikuwa migodi ya makaa ya mawe, mali ya tajiri mmoja wa ukoo mkubwa, Francis Egerton, Duke wa Bridgewater. Kubeba makaa kwa farasi katika njia mbaya kulikula feza nyingi. Basi akachimbisha mfereji, na mwaka 1761 mashua zikaanza kupita. Bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Na sikiliza hii, wewe mtoto wa mchimbaji: maji yaliingia hata chini ya ardhi, makaa yakapakiwa ndani ya mashua kule kule shimoni. Baadaye njia hizo za chini zilipita kilomita 70.

Mifereji mingine ikafuata. Mingi ya katikati ya nchi ilijengwa na milango myembamba, kwa kupunguza gharama, na mashua zikafuata kipimo: upana mita 2 na kidogo, urefu karibu 21. Ule urefu usikudanganye. Ulikuwa wa mzigo. Jamaa ilipata chumba cha nyuma tu, mita 3 hivi.

«Sasa banalala wapi?» Unauliza vizuri. Kitanda cha baba na mama kilikunjwa asubuhi na kufungiwa ndani ya kabati. Mlango wa kabati lingine ukishushwa, ni meza. Watoto walilala juu ya benchi la kando. Jiko la chuma lilikuwa karibu na mlango, na maji ya kunywa yalikaa juu ya paa, katika chombo chenye mfuniko, kilichopakwa rangi za maua. Wamama wale walipenda chumba kipendeze; walitundika sahani nzuri ukutani hata kama nafasi ya kugeuka hakuna.

Juu ya nini jamaa nzima ikae humo? Reli ilipokuja, ilinyang'anya mifereji kazi, na malipo yakashuka. Mwenye mashua alilipwa kwa mzigo, hakuweza kuajiri msaidizi. Basi mama akashika usukani, na mtoto akatembea kandokando ya maji akiongoza farasi anayevuta mashua. Feza ya nyumba ya nchi kavu haikuwako tena.

Na masomo? Hapo ndipo penye uchungu. Leo mtoto anaingia kalasi, kesho makaa yamekwisha kupakuliwa, safari! Wengi walikua bila kujua kusoma hata majina ya miji waliyopita. Mtu mmoja, George Smith wa Coalville, ambaye yeye mwenyewe alifanya kazi ya matofali akiwa mtoto, aliandika na kulalamika mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka 1877, na nyingine 1884. Mashua ziandikishwe, watu wa chumba wahesabiwe, watoto wasome. Sheria ikaandikwa, mashua ikaendelea kutembea.

Baridi kali ya mwaka 1962 na 1963 iligandisha mifereji kwa majuma mengi. Mzigo ukahamia kwa kamioni, na kazi ile ikafifia.

Lakini watu wamo mashuani hata leo, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu nyumba za mjini ni ghali. Sasa chumba kinachukua karibu urefu wote. Maji ni tanki moja: likiisha, unawasha mashine ya mazutu na kwenda polepole, karibu mwendo wa mtu anayetembea, mpaka kwenye robine. Sanduku la choo unalibeba mwenyewe kwenda kulimwaga mahali palipowekwa. Taa zinategemea batri. Wakati wa baridi jiko linawaka usiku kucha, na hapo kuna hatari unayoijua wewe mwenye kuingiza mbabula chumbani: hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Ndiyo maana lazima wawe na kengele ndogo inayolia hewa ile ikizidi.

Tena, kwa sheria ya mwaka 1995, asiye na mahali pake pa kufunga mashua haruhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa sababu ya maana. Baba anafungua kamba, nyumba inasogea. Shule haisogei. Asubuhi mama anampandisha mtoto kwenye baiskeli, anafuata ile njia ya kale ya farasi. Kila baada ya majuma mawili anapiga hesabu upya, waamke saa ngapi.